Fagio Lililosimama Peke Yake

3 Februari

Kwa binamu yangu, Mwalimu Breki,

Salamu hizi zikukute mzima, na kama hujanywa chai, kanywe kwanza, barua haina haraka. Mimi sijambo. Meno yote yapo. Nywele zimepungua kidogo mbele, lakini hilo ni la ukoo wenu, msiisingizie kazi yangu. Mama nilimpigia Jumapili. Alinisomea orodha ya maumivu kuanzia goti hadi kisigino, akamalizia kwa kusema hana la kulalamika. Mwangalie huyo shangazi yako, wewe uko karibu naye.

Utashangaa nakuandikia barua kama watu wa zamani. Binamu, simu imenishinda. Siku nzima watu wanane wanaingia chumba namba nne, mmoja mmoja, wanakaa kwenye kiti cha kijani na kunieleza mambo ambayo hawajawahi kumweleza mtu. Saa kumi na moja ninapotoka, masikio yamejaa. Simu ikilia naiangalia kama nyoka aliyeingia ndani. Karatasi haina sauti, kwa hiyo karatasi naivumilia.

Sasa jambo lenyewe. Wametufungia chumba cha chai.

Najua linasikika dogo. Ulipokuja mwaka juzi ulikiona: sinki, meza moja, vikombe vya rangi nne. Saa nne asubuhi washauri wote wanne tulikutana pale kwa robo saa. Mtu akitoka kwenye kikao kizito alisema neno moja tu, "Nimebeba," na wenzake wakamsogezea kikombe. Amebeba nini hatukuulizana, siri ya mteja ni siri. Halafu Tangazo, yule mrefu wa chumba namba tatu, anabana pua: "Tangazo, tangazo. Amepotea mshauri wa chumba namba nne. Mara ya mwisho alionekana akitikisa kichwa na kusema mhm. Atakayemwona ampe sukari." Tulicheka mpaka dada wa mapokezi akaja kutugongea tupunguze kelele, na yeye akabaki humo humo akicheka.

Amekuja mkuu mpya. Si mtu mbaya. Kaona foleni ni ndefu na mafaili hayana pa kukaa, basi chumba kimekuwa cha mafaili, na kila mmoja anapumzika kwa zamu, peke yake, chumbani mwake. Vikombe vimefungiwa humo. Tangazo aliomba uhamisho akapewa. Siku ya kuondoka alisimama koridoni, akabana pua, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Akaachia pua akaondoka.

Mama wa namba mbili anakunywa dawa za vidonda vya tumbo. Wa namba moja hasalimii tena. Mimi nahesabu vigae vya sakafu wakati watu wanaongea, Binamu. Sijawahi kufanya hivyo.

Nichekeshe. Sina ombi lingine.

Wako wa damu,
Masikio


21 Februari

Kwa Masikio Makubwa, binti wa shangazi yangu,

Barua yako imefika ikiwa imekunjwa utadhani imekaliwa na mtu mnene. Huku wote tupo. Mke wangu anakusalimu, anauliza ule mtandio wake ulioondoka nao kwa bahati mbaya kama bado ni bahati mbaya. Binti yangu ameota jino jipya na analionyesha hata kwa wapita njia. Shangazi goti linamsumbua asubuhi, lakini jirani akianza ugomvi hufika dirishani kabla ya mtu yeyote.

Umeniomba nikuchekeshe, basi kaa sawasawa.

Nina mwanafunzi, mwalimu mkuu mstaafu. Kila akitaka kulipita gari la mbele anasema, kwa heshima zote, vioo vimefungwa: "Samahani, naomba kupita." Halafu anasubiri ajibiwe. Tumelifuata trekta moja kilomita sita.

Mwingine ni mama mtu mzima, mwoga balaa. Tumefika njia panda namwambia, "Kulia, mama." Anakwenda tu. Namwambia kwa sauti, "Kulia! Kulia, mama, kulia!" Akafunga breki katikati ya barabara, akanigeukia: "Nilie kwa nini, mwalimu? Kwani tumegonga?"

Hicho kitumie huko kazini. Watu wako nao wanakuja kulia, angalau waambie upande gani.

Muda wa kuandika ninao siku hizi, gari linapumzika kidogo. Sina la zaidi. Kula vizuri. Na vigae ukishavihesabu, niandikie ni vingapi, tujue kama vimeibwa.

Mimi,
Mwalimu Breki


19 Machi

Binamu,

Shukrani kwa barua. Tumeshukuru wote, mimi na jiko na ukuta, maana ndio wenzangu wa jioni. "Nilie kwa nini" nilikisoma nimesimama, nikacheka kwa sauti. Kisha kicheko kikakatika katikati kama maji ya bomba. Nikabaki mdomo wazi nikisubiri kirudi, nacho hakikurudi.

Mama nimempigia. Nilimuuliza habari zako akasema hujambo, haraka haraka, akahamia kwenye bei ya mkaa. Kuna kitu?

Kazini kuna jambo nisingependa ulicheke. Saa nne kamili, wakati kila mmoja amejifungia kwake, nasikia vikombe. Vinatoka upande wa chumba cha mafaili. Kikombe kinawekwa mezani, halafu cha pili, cha tatu, cha nne. Kijiko kinazunguka. Baada ya hapo kimya. Wiki iliyopita nilitoka nikaenda kujaribu kitasa. Mlango umefungwa kwa ufunguo. Nilipogeuka nilimwona mama wa namba mbili amesimama mlangoni kwake, anautazama mlango uleule. Tulitazamana. Tukarudi ndani kama watu walioshikwa na kosa.

Wateja wamezidi. Wengine wanasimulia nami natikisa kichwa, na nikitoka siwezi kukumbuka nani kasema nini. Maneno yao yanabaki lakini sura zao zinakwenda.

Jirani alichoma takataka juzi. Ule moshi ulinirudisha siku jiko letu lilipowaka, mimi mlangoni nimeshika ndoo tupu na mama anaita kutoka ndani. Sijawahi kukuuliza: nani alimtoa?

Wasalimie mapacha wako. Waambie nawaletea zile kofia.

Masikio


6 Aprili

Kwa Masikio,

Salamu za hapa ni njema. Mke wangu mzima, binti mzima na jino lake, shangazi mzima.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilicheka, nikadhani umeanza kunilipa kwa utani wangu. Ya pili sikucheka.

Mimi sina mapacha. Nina binti mmoja, ulimbeba mwenyewe akakutapikia gauni. Labda ukimhesabu kwa kelele ndiyo wanafika wawili. Na jiko la kwenu halijawahi kuwaka moto. Nilikwenda kumuuliza shangazi, nikajifanya nauliza ya mtu mwingine. Aliendelea kuchambua mchele, mwishoni akasema, "Mwambie arudi nyumbani." Hata hakuniuliza ni nani.

Sikia. Gari la kufundishia lina breki mbili, moja ya mwanafunzi, nyingine upande wangu. Mwanafunzi akipotewa, mimi nipo. Wewe wamekuweka kwenye gari peke yako, upande wa pili hakuna mtu, na kila siku wanakupa barabara mbaya zaidi. Hata dereva mzuri namna gani, lazima awepo mtu wa pembeni ambaye mguu wake

Hapo nimekata kwa wino, usijisumbue kuusogeza mstari huo dirishani usome. Ninachotaka kusema ni kwamba mtafute mwenzio mmoja hapo kazini, yule wa vidonda vya tumbo ukipenda, mwambie "nimebeba" hata kama chai hakuna.

Kichekesho cha leo: mwalimu mkuu mstaafu amefaulu mtihani. Askari wa usalama barabarani alimwambia apite, naye akajibu, "Asante, na wewe pia."

Andika upesi.

Mwalimu Breki


2 Mei

Binamu yangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Natumaini mlio huko wote mko salama, na safari hii nasema mke, binti mmoja, na mama yangu. Unaona, nimehesabu vizuri.

Uliyosema ni kweli. Mapacha ni wa mtu na jiko ni la mtu, si vyangu. Niliogopa sana, nikachukua daftari nikachora mstari katikati, huku vyangu, kule vya watu. Kovu la goti: langu. Babu kuimba akinyoa ndevu: langu. Mume anayefunga mlango kwa nje na kwenda na ufunguo: wa mtu, maana mimi sina mume. Kuna usiku niliwahi kuamka nikiusikiliza ufunguo huo, lakini sasa najua. Daftari linasaidia.

Mama wa namba mbili nilimfuata. Nikamwambia, "Nimebeba." Alinitazama, machozi yakamlengalenga, akasema, "Na mimi," na mteja wake akaingia. Tumeishia hapo. Hata hivyo siku ile nilipata usingizi.

Kuna kumbukumbu moja nimeiweka upande wangu bila wasiwasi, kwa sababu wewe umo ndani. Ile asubuhi uliyonifundisha gari. Barabara pana, miti imekatwa vichwa pande zote. Ulikuwa unanisimulia kitu, tunacheka wote wawili, wewe umeinama kwa kicheko mpaka paji la uso limekaribia dashibodi. Kikatokea kishindo kidogo, kama mtu amepiga godoro kwa kiganja. Nikaangalia mbele. Sikuona mtu. Niliona fagio. Fagio refu la barabarani, limesimama lenyewe katikati ya njia, halijashikwa na yeyote, kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Halafu likaanguka.

Hatujawahi kuliongelea. Yule mama wa fagio alipona?

Masikio


11 Juni

Binamu,

Salamu. Hii ni barua ya pili kabla ya jibu. Ya kwanza niliituma mapema mwezi uliopita. Mama nikimuuliza anasema, "Mwache kwanza," na nikiuliza nimwache kwa lipi, anaanza habari za goti.

Jana mteja aliniita kwa jina langu, nikakaa kimya kumsubiri huyo mtu aitike.

Nimefungua daftari kutazama upande wangu. Nimekumbuka kwamba sijawahi kuendesha gari hata siku moja maishani. Wewe mwenyewe ulikuwa unanitania kwamba hata baiskeli huniogopa. Sasa ile asubuhi ni ya nani, na wewe unafanya nini ndani yake?

Kama nimekukosea, niambie. Wewe ni mtu wa mwisho ninayejua kwa hakika kuwa ni wangu.

Masikio


8 Julai

Kwa binamu yangu,

Habari za nyumbani zitakuja mwishoni. Safari hii nikianza nazo nitaishia nazo.

Barua yako ya Mei niliipokea mlangoni nikaisoma nimesimama. Nilipofika kwenye fagio niliketi chini palepale, kwenye vumbi. Mke wangu akadhani kuna msiba. Kwa siku kadhaa sikuweza kuishika. Niliifungia kabatini, na nikipita karibu na kabati nilikuwa naharakisha. Niliamini, usinicheke, kwamba yule mama amepata mdomo wako wa kusemea.

Kwa sababu fagio sikumwambia mtu. Askari sikuwaambia, mke wangu sikumwambia, hata shangazi.

Ilikuwa tarehe kumi na nne Januari. Mwanafunzi wangu alikuwa msichana mshonaji, mikono myepesi, somo la tisa. Alikuwa na hofu, na mimi hofu ya mwanafunzi huitibu kwa vichekesho, miaka kumi na tisa sasa. Nikamsimulia kimoja. Sitakiandika hapa. Alicheka, na mimi nikacheka kwa kuona anacheka, nikainama. Nilipoinama, mguu wangu ulitoka kwenye breki.

Mfagiaji wa barabara alirudi nyuma hatua moja kutazama kazi yake. Hatua moja tu.

Aliishi siku tisa. Askari waliandika ajali, wakasema aliingia njiani. Msichana walimwacha. Mimi waliniacha. Msichana alifungasha akaondoka mjini hapa, wanasema ana mama mdogo wake mahali, sijui wapi. Nilikwenda mazikoni nikasimama nyuma kabisa, nikaondoka kabla hawajamaliza.

Tangu siku hiyo sijakaa kwenye gari. Mwalimu mkuu mstaafu alikuwa mwanafunzi wangu miaka mitano iliyopita. Yule mama wa kulia ni wa zamani zaidi. Nilikuwa nafukua vichekesho vya kale nakuletea, naketi mezani asubuhi nzima natafuta kimoja, kwa sababu uliomba, na kwa sababu nikikuandikia nilikuwa bado yule mwalimu unayemjua. Shangazi anajua kuhusu ajali, nilimwapisha asikwambie. Alisema, "Unamdanganya mtu ambaye kazi yake ni kusikia." Nikasema karatasi haina sauti, wewe mwenyewe uliandika.

Sasa niambie. Nani kakwambia habari ya fagio?

Mke wangu mzima. Binti mzima. Goti la shangazi ni lilelile.

Binamu yako


30 Julai

Binamu yangu mpendwa,

Nakusalimu, nakusalimu tena. Nimelia kwa ajili yako, na nilijua kabisa ni mimi ninayelia.

Umeniuliza swali moja. Nitalijibu mara moja na usinirudishie tena, leo wala tukizeeka. Fagio halikuwa langu. Nilipewa na mtu, chumba namba nne, mlango umefungwa. Hakutaja mji, wala tarehe, wala jina. Alisema "mwalimu" tu. Nami kichwa changu, kwa jinsi kilivyochoka, kilitafuta mwalimu wa udereva kinayemjua kikakuweka wewe kwenye kiti. Nilidhani nakosea. Kumbe nilikosea kila kitu isipokuwa hicho.

Hata kukwambia haya nimevunja kiapo. Wiki ileile barua yako ilipofika nilikwenda kwa mkuu nikajishtaki. Nilimwambia: nimeandika ya mteja kwenye barua nikidhani ni yangu, kuna mteja mmoja imebidi asiwe wangu tena, na sababu yake ni ya damu, sitaisema zaidi. Nilidhani atanifukuza. Aliondoa miwani akauliza, "Tangu lini huwezi kutofautisha?" Nikasema, tangu ulipofunga chumba cha chai. Sikukusudia kusema hivyo, lilinitoka tu. Akasema yeye kule alikotoka hawakuwa na chumba cha chai, na wenzake wawili waliacha kazi, na wa tatu hapendi kumwongelea. Alidhani ni udhaifu wao.

Tukatoka ofisini pamoja, ilikuwa saa nne. Vikombe vikalia, na mkuu akavisikia. Niliuona uso wake, Binamu, rangi ilimtoka. Akatoa ufunguo wa akiba, akafungua.

Dada wa mapokezi alikuwa amekaa kati ya mafaili. Mezani vikombe vinne, vimejaa chai, kila kimoja mahali pake. Cha kwake hakikuwepo. Alikuwa anajifungia kila siku kwa robo saa, anatupangia, anakaa navyo mpaka vipoe, anavimwaga, anaviosha. Mkuu akamuuliza, "Unafanya nini?" Akajibu kwa utulivu uliotutisha zaidi kuliko vile vikombe: "Nawasubiri." Alikuwa anaona watu wakiingia kwetu na kutoka wepesi, na sisi tukitoka jioni tumeinama, na hakuna aliyewahi kumuuliza yeye anabeba nini pale mlangoni, anayewaona wote.

Mama wa namba mbili akafika nyuma yetu. Alitazama vikombe, akatazama mafaili, akabana pua. Hajui kutangaza hata kidogo, alisikika kama mbuzi. "Tangazo. Wamepatikana." Basi. Hakikuwa kichekesho. Lakini yule wa namba moja, ambaye hajatusalimia tangu mwaka uanze, alianza kucheka hadi akashikilia ukuta, na kicheko chake kikawa kilio bila kubadilika sauti, tukamshika mikono. Kile kikombe cha Tangazo alikinywa mkuu. Sasa mafaili yamehamia ofisini kwake. Saa nne wateja wanasubiri robo saa, na hakuna aliyekufa kwa hilo.

Nimepewa likizo ya wiki tatu. Bado nachora mstari kwenye daftari. Kuna asubuhi naamka na jambo la mtu mdomoni, inanibidi niketi kitandani mpaka liondoke.

Na wewe. Vichekesho vyako vilinisaidia, usivitukane. Lakini nilipovisoma tena nimeona sasa: hakuna hata kimoja ambacho wewe umo, wote ni wanafunzi. Mimi nilikwambia vigae, tumbo la mwenzangu, moshi. Wewe ulinipa mchezo na ukabaki nyuma ya pazia. Ukicheka namna hiyo unachoka vibaya zaidi kuliko mtu anayelia, nawaona kila siku kwenye kiti cha kijani. Hapo jirani una mtu mmoja ambaye anajua na umemfunga mdomo. Mfungulie. Nenda ukakae na shangazi yako, mwambie na habari ya fagio.

Kuhusu mwanafunzi wako usiniulize. Ninachoweza kukwambia ni cha kwangu: naamini kuna watu wengi duniani wanaotamani kujua kama mwalimu wao bado anacheka.

Wako,
Masikio


24 Agosti

Kwa Masikio,

Salamu za hapa zimechanganyika, lakini ni salamu. Mke wangu amekusamehe mtandio. Binti ameng'oka jino.

Nilikwenda kwa shangazi. Nilimwambia yote, na mguu, na fagio. Hakunipa pole. Alifunga kitambaa kichwani akasema, "Twende." Nikauliza wapi. Akasema, "Mimi nimeshapauliza, wewe njoo tu." Tulitembea kwa miguu, goti na yote, sikuthubutu kumwambia apumzike.

Ni nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la nguo. Yule mfagiaji aliishi na dada yake. Dada yake alitufungulia, akanitazama, akasema, "Wewe ndiye uliyesimama nyuma ya watu." Kisha akatukaribisha. Shangazi alikaa karibu na mlango na hakutia neno hata moja mpaka mwisho. Sijawahi kumwona akinyamaza muda mrefu hivyo.

Nilimwambia huyo dada yake kwamba mguu wangu haukuwa kwenye breki. Nilidhani atapiga kelele. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja.

Akauliza, "Kwa nini haukuwepo?"

"Nilikuwa nacheka."

"Ulikuwa unacheka nini?"

Binamu, nilimwambia. Kile kichekesho ambacho nilikataa kukuandikia, nilikisema mbele yake neno kwa neno, na sauti yangu ilikuwa kama ya mtu anayesoma hati ya mahakama. Nilipofika mwisho hata sokoni nje niliona kama wamenyamaza.

Akauliza, "Na yule msichana, naye alicheka?"

"Alicheka sana."

"Vioo vya gari vilikuwa wazi?"

Nilifikiri. Kulikuwa na joto. "Vilikuwa wazi," nikasema.

Aliweka ile nguo chini, akainyoosha kwa kiganja taratibu, mara mbili, mara tatu. Akasema, "Kwa hiyo kitu cha mwisho alichosikia dada yangu ni watu wanacheka."

Alitushika mikono, mimi na shangazi, akatusindikiza hadi mlangoni. Tangu hapo kila nikifumba macho namsikia akilisema, na kila mara namsikia kwa namna tofauti. Mara ni mtu aliyefarijika. Mara ni mtu aliyenihukumu maisha. Wewe kazi yako ni kusikia, lakini hukuwepo, na sauti haiandikiki.

Amesema nirudi Ijumaa. Nitakwenda.

Binamu yako